Mchonga mitumbwi ya rubisi anayetaka nishani yake ifutwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba, na Mzee Cleophace Rwegoshora ameshalizunguka gogo lake mara tatu bila kuligusa. Tezo iko mkononi. Anainama, anapima kwa kiganja, anainuka na kutazama barabarani. Anapiga mapigo manne, vibanzi vinaruka, kisha anasimama tena na kutega sikio. Ni pikipiki. Inapita bila kusimama.

"Siku hizi kazi hainishiki," anasema. "Mkono upo, roho haipo."

Mzee Cleophace, mwenye umri wa miaka 68, anaishi katika kijiji kimoja wilayani Kyerwa, mwendo wa dakika arobaini kwa bodaboda kutoka Rubwera, makao makuu ya wilaya. Anachonga mitumbwi ya kukamulia pombe. Hii si ya kuvukia mto. Ni magogo mazito ya mti wa muhumula yanayochimbwa katikati, ambamo ndizi mbivu hutiwa pamoja na nyasi, watu wakazikanyaga kwa miguu mpaka juisi itoke, ikatiwa mtama, ikafunikwa na majani ya mgomba hadi iwe rubisi.

Mtumbwi mmoja humchukua siku tisa na huuzwa kati ya shilingi 180,000 na 250,000. Zamani alikuwa akimaliza mitatu kwa mwezi. Sasa watu wanakamulia kwenye mapipa ya plastiki, na miezi mingine hauzi hata mmoja. Lakini si plastiki inayomfanya atazame barabara kila dakika tano. Anasubiri barua.

Ndani ya nyumba yake, kwenye kopo la maziwa ya unga, iko nishani aliyovishwa mwaka 1980 mbele ya umati wa watu. Pamoja nayo kuna cheti kilichopigwa taipu, kimegeuka rangi ya chai. Kinasema mgambo Cleophace Rwegoshora anatunukiwa kwa ushujaa wa kuzamisha mtumbwi wa adui katika Mto Kagera, mwishoni mwa mwaka 1978.

"Hakukuwa na adui," anasema, na anarudi kulizunguka gogo. "Na huo wenyewe haukuwa mtumbwi wa mto. Ulikuwa kama huu hapa."

Alikuwa kijana wa miaka 21. Vita vilikuwa vimeanza, na mitumbwi yote ya mtoni ilikuwa imekusanywa na kuteketezwa ili asivuke mtu. Amri kwa mgambo ilikuwa fupi: chochote kinachoelea, piga. Asubuhi hiyo, ukungu ukiwa mzito, aliona kitu kirefu cheusi kikija kutoka ng'ambo, na vichwa vinne juu yake. Alipiga risasi tatu. Kikapinduka.

Wenzake walimbeba mabegani. Jua lilipopanda, walishuka kwenye mafunjo kutafuta silaha, wakakikuta kile kitu kimenasa.

"Nilikigusa tu, nikakijua. Ncha zake zilikuwa butu, zina vishikio viwili, kimoja huku na kimoja kule. Ndani kulikuwa na nyasi zimeganda kwenye nyufa, na harufu ya rubisi. Baba yangu alikuwa mchongaji. Nimekulia ndani ya vitu hivyo, mama alikuwa akinilaza humo nikiwa mtoto. Nani mwingine angebeba kitu kama kile mtoni? Askari? Kile kilikuwa kitu cha nyumbani kwa mtu."

Alimwambia mkuu wa kikosi chao, ambaye sasa ni marehemu. Anakumbuka jibu lake neno kwa neno: kilichoelea ni mtumbwi, na waliokuwa juu yake walitoka kwa adui. Ikaandikwa hivyo.

Cleophace hakubisha. Alirudi nyumbani vita vilipokwisha, akavishwa nishani, akaoa, akarithi tezo ya baba yake. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, hutengewa kiti cha mbele. Watoto wa shule humwimbia. Harusini hupewa kibuyu cha rubisi kabla ya watu wanaomzidi umri.

"Nimeolewa na mtu mkimya miaka arobaini na minne," anasema mkewe, Mama Restuta, akichambua maharage kizingitini. "Nikadhani ni tabia yake."

Ukimya huo ulivunjika miaka miwili iliyopita, na aliyeuvunja alikuwa mteja. Mwanamke mmoja mpika pombe kutoka Chonyonyo, wilayani Karagwe, Anonciata, alikuja kuagiza mtumbwi. Aliukagua ule uliokuwa tayari, akashika kishikio chake, akakishikilia kwa muda mrefu kuliko mnunuzi wa kawaida. Mzee Cleophace akamuuliza kwa utani kama anataka kuung'oa.

Anonciata akamwambia kuwa kishikio kama hicho kilimwokoa akiwa na miaka minane. Baba yake, mtu wa Chonyonyo, alikuwa na shamba ng'ambo ya mto. Vita vilipokaribia, akataka kuirudisha familia nyumbani. Mitumbwi haikuwepo, wakachukua kilichokuwepo uani. Wakapigwa risasi katikati ya maji. Baba alijua kuogelea. Mama na mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu wakapotea. Yeye alibaki ameng'ang'ania kishikio mpaka wanawake waliokuwa wakikata mafunjo wakamvuta.

"Baba alikufa mwaka tisini na nne, akiwalaani watu wa ng'ambo kuwa ndio waliotupiga, mpaka pumzi ya mwisho," Anonciata alimwambia mchongaji, akidhani anampigia soga tu mzee wa watu.

Mzee Cleophace alipokea malipo ya awali, akamsindikiza hadi kwenye pikipiki, akarudi ndani akalala mchana kutwa. Mkewe akadhani ni malaria.

Ilimchukua miezi mitatu kufunga safari ya Chonyonyo. Anasimulia safari hiyo akiwa amesimama, maana kila akikaa anainuka. Anonciata alimkaribisha vizuri, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote wa heshima anavyopewa katika nchi hii.

"Sikuigusa. Ningeila kwanza ndipo niseme, ningekuwa mwizi mara ya pili. Nikasema yote, kahawa iko mbele yangu. Nilipomaliza akainuka, akachukua kikapu chake, akakirudisha ndani. Hakunitukana. Akarudi akasimama mlangoni akaniuliza swali moja: walikupa nini kwa ajili ya mama yangu?"

Akamjibu kweli. Nishani, na kiti cha mbele.

Anonciata hakutaka fidia. Alimwambia aende akakirekebishe kile cheti, mama yake atoke kwenye uadui. Basi tangu hapo mzee huyu hana raha. Ameandika barua nne kwa mkono. Amepanda na kushuka Rubwera mara kumi na moja, akiwa na cheti ndani ya mfuko wa nailoni. Mwaka huu mambo yamekuwa ya haraka, kwa kuwa imeundwa kamati ya kujenga mnara wa kumbukumbu, na majina ya waliotunukiwa yatachongwa kwenye jiwe pamoja na sifa ya kila mmoja. Fundi wa mawe anaanza kazi Jumatatu.

"Karatasi inaliwa na mchwa," anasema. "Jiwe halina mchwa."

Katibu wa kamati hiyo, Bi Nusra, ni mwanamke mpole ambaye anakiri kwamba suala hili linamkosesha usingizi. "Nina fomu ya nishani iliyopotea. Nina fomu ya mjane anayepokea ya marehemu," anasema. "Mtu mzima mwenye akili zake anayesema nishani yangu sikuistahili, huyo sina fomu yake. Na wenzake wamekuja juu."

Mmoja wa wenzake hao ni Mzee Saleh, mwenye duka la vyombo Rubwera, ambaye naye alikuwa kwenye kikosi kile. Hamung'unyi maneno. "Tulikuwa vitani, hatukuwa harusini. Amri ilikuwa piga, akapiga. Leo akisema yake ni batili, kesho watauliza yangu niliipataje. Mimi nilibeba majeruhi mgongoni! Kwa nini anichanganye kwenye toba yake?"

Hata nyumbani kuna vita. Mwanawe mkubwa, Elipidius, mwalimu huko Bugene, alikuja Jumapili iliyopita kumsihi aache. Maneno yake bado yanamchoma mzee.

"Aliniambia, Tata, heshima hii umeila wewe na sisi tumeila. Ukiitapika leo, unatutapikia wote." Mzee Cleophace anakuna shingo kwa ncha ya tezo. "Hakukosea. Ada ya shule yake ilisamehewa kwa jina hilo. Ndiyo maana nina hofu. Ningekuwa nimeila peke yangu ningekuwa nimeshamaliza."

Saa nne kasorobo, pikipiki nyingine inakuja, na hii inakata kona hadi uani. Mwendeshaji anatoa bahasha. Mzee anaipasua kwa kidole, anasogeza karatasi mbali na macho, anasoma kwa sauti.

Kamati imetafakari maombi yake kwa uzito. Imeamua jina lake libaki kwenye mnara kwa kutambua utumishi wake kwa taifa. Sifa ya kuzamisha mtumbwi haitachongwa. Kamati haina mamlaka ya kufuta nishani wala kubadili cheti. Anaalikwa kuhudhuria uzinduzi Julai 25, ambapo atapewa dakika mbili za kutoa neno kwa vijana.

Mama Restuta anashusha pumzi. "Waitu, si afadhali? Wametoa ile habari."

"Wametoa mtumbwi, wameniacha mimi!" Mzee anapaza sauti hadi kuku wanatawanyika. "Cheti kinabaki vilevile, mama wa watu anabaki adui, na mimi nakaa juu ya jiwe sijulikani nimefanya nini. Hapo kuna afadhali gani?"

Anaikunja barua mara nne. Anaikunjua. Anaingia ndani, anatoka amevaa koti. Kazi ya leo imekwisha, na gogo halijapungua hata unene wa kidole. Anasema lazima afike Chonyonyo kabla barua hii haijamfikia Anonciata kwa midomo ya watu.

Ni bodaboda, kisha basi dogo hadi Kayanga, kisha bodaboda tena. Njia nzima anauliza saa. Mara mbili anautoa mfuko wa nailoni kuhakikisha cheti kimo.

Saa tisa mchana, Anonciata, mwanamke mnene wa miaka 55 mwenye sauti ya chini, anawakuta wageni mlangoni. Anamsalimu shikamoo kwa sababu ya mvi zake. Anamwonyesha benchi. Kahawa hailetwi. Mzee anampa barua, naye anaisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Kwa hiyo mama yangu hayumo," anasema.

"Hayumo, mwanangu."

"Nilishakuambia usiniite mwanangu."

"Samahani."

Mbuzi analia nyuma ya nyumba. Anonciata anaikunja barua kwenye mikunjo ileile na kumrudishia. Anasema hakutegemea zaidi ya hapo. Kwake mnara ni habari ya wakubwa. Kinachomuumiza ni kwamba baba yake alizikwa na uongo, na watoto wake mwenyewe wanafundishwa shuleni kuwaimbia mashujaa kama mtu huyu.

"Sijamsamehe," anasema waziwazi, mzee akimsikia. "Watu wa kanisani wananiambia nimsamehe, namaliza rozari nzima na neno halitoki. Lakini angekaa kimya nisingejua. Hilo nalo nalijua. Linanisumbua, kwa sababu ningependa kumchukia vizuri."

Mzee Cleophace anatoa penseli ya useremala mfukoni, anageuza bahasha upande usio na maandishi, anaiweka gotini. Wamempa dakika mbili, anasema. Hatazungumzia vijana. Atamrudishia Bi Nusra nishani mkononi mbele ya watu, apende asipende, kisha ataeleza kile kilichokuwa mtoni ni kitu gani na waliokuwa juu yake ni akina nani. Ila anahitaji majina. Miaka miwili hii hakuthubutu kuyauliza.

Anonciata anatazama penseli.

"Mama aliitwa Uwamahoro. Mtoto aliitwa Jovin. Alikuwa ameanza kutembea."

Mzee anaandika kwa herufi kubwa, penseli inatoboa karatasi kwenye herufi ya mwisho. Anarudia majina yote mawili kwa sauti, mara moja, kama mwanafunzi. Kisha anauliza, huku akitazama chini, kama Anonciata atakuja siku hiyo.

"Nitakuja."

"Nitawaambia wakutengee kiti."

"Kiti sitaki. Nitasimama katikati ya watu, mbele yako, mahali ambapo huwezi kunikwepa."

Mzee anaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, ameketi na hainuki.

"Ni vizuri," anasema. "Bila wewe ningeweza kuanza vizuri nikaishia kusema ni vita, ni amri, nilikuwa kijana. Nikikuona pale, nitasema nilipiga mimi."