Ufagio wa Baba Kwenye Barafu

Mwenzangu, wiki iliyopita nilipita Etobicoke, kule Kanada nilikokulia, nikakuta ile klabu ya kaling imebomolewa, wanajenga maghorofa. Nilipigwa na butwaa pale barabarani. Hata harufu yake imeondoka, ile ya kahawa iliyochemka kupita kiasi na soksi za sufu zilizolowa.

Kaling ni mchezo wa kutelezesha mawe mazito juu ya barafu, wachezaji wakifagia mbele ya jiwe ili lifike mbali, kapteni akiwaelekeza kwa makelele. Kila mwaka klabu iliandaa mashindano ya wanaume, na mwaka mmoja wa tisini na kitu jirani yetu, mzee wa Kizungu mwenye sauti ya tarumbeta, alipungukiwa mtu, akamwomba Baba. Baba akakubali mbiombio. Mama yake, yaani Bibi yetu, alikuwa amekuja kutoka Morogoro kututembelea, na Baba alitamani abaki moja kwa moja. Jibu la Bibi lilikuwa lile lile: "Ngoja kwanza nione mnavyoishi." Basi Baba akaona hapo ndipo pa kumwonyesha kwamba huku naye ni mtu kati ya watu.

Lo! Tumekaa nyuma ya kioo, Bibi kajifunga khanga juu ya koti, mimi natafuna maandazi tuliyokuja nayo. Jirani, ambaye ndiye kapteni, kasimama kule mwisho. Jiwe likaachiwa. Mara Mzungu yule akaanza kumfokea Baba, mishipa imemtoka shingoni, na Baba, mtu mzima na ndevu zake, akainama anafagia barafu, anafagia huku anakimbia!

Nilipogeuka, kiti cha Bibi kitupu. Alishapita mlango wa kioo na viatu vyake vya kanisani, akamnyang'anya Baba ufagio.

"Lete, baba! Mimi mama yako niko hai, wewe ufagie unafokewa?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Mchezo gani wa kumtumikisha mtoto wa mwenzio?"

Jiwe likasimama njiani, timu yetu ikatolewa.

Bibi alirudi Morogoro theluji haijayeyuka. Baba hakucheza tena, hata jirani alipombembeleza. Aliamini mama yake kaondoka na aibu.

Miaka ikapita, Bibi akafariki, tukaenda kuzika. Msibani wazee waliinuka wote kumpa Baba mkono.

"Kumbe ndiye wewe!" mmoja akasema. "Mama yako alitusimulia. Huko Ulaya jiwe haliendi mpaka wewe ulitengenezee njia, na Wazungu wanakuita kwa makelele."

Baba alikaa mkekani kwa kishindo. "Kumbe," akasema.

Klabu imekwenda, Bibi kaenda. Kinachonishtua hadi leo ni zile simu za kila Krismasi: mama na mwana waliulizana mvua, wakaulizana mihogo, na la barafu hakulitaja hata mmoja.