Figa Jeupe la Makere

Juzi mjukuu wangu alikuwa anasoma kitabu cha jiografia kwa sauti, mimi nachambua maharage. Akafika kwenye kisiwa kimoja huko bahari ya Karibi: nusu yake imetapikwa na volkano, mawe meusi, nusu ni matumbawe, vijidudu vya baharini vilivyokufa vikarundikana hadi vikawa jiwe jeupe. Mwalimu wao amesema hata jiwe letu la chokaa lilizaliwa majini.

"Bibi, unaelewa lakini?"

Mtoto ana dharau huyu. Nikamwambia jiwe jeupe nalijua kuliko kitabu chako. Lilinitoa shule.

Nilikuwa darasa la tatu, hapahapa Makere. Mama, mjane, aliita majirani wamlimie kabla ya mvua. Desturi yetu ndiyo hiyo: wewe unapika, wao wanalima. Figa moja lilikuwa limevunjika, akanituma ng'ambo ya mto nikalete jiwe jeusi. Jeusi ni zito na mto uko mbali. Nikaokota jeupe kwenye kilima nyuma ya nyumba.

Moto uliwaka tangu alfajiri. Harufu ya maharage ilifika shambani, na wewe unajua harufu hiyo ukiwa na jembe mkononi. Mchana chungu kikafurika, mchuzi ukalimwagikia lile jiwe. Likalia chwaa, likapasuka, likamomonyoka likawa unga. Chungu chali, maharage yote majivuni.

Jirani mmoja akachungulia. "Haya mama, leo tumelima kwa harufu." Wakacheka, wakabeba majembe, wakaenda zao. Shamba nusu.

Mama hakunipiga. Alisema, "Kesho huendi shule. Utalima walipoishia." Nililima hadi mvua ikanikuta. Shule sikurudi, wala hakuna aliyekuja kuniulizia.

Ila ule unga mweupe wa jikoni niliukoroga na maji nikaupaka ukutani, ukang'aa. Tangu hapo nikachoma chokaa. Nyumba hii ya bati imetokana na chokaa. Watoto wangu wamesoma kwa chokaa. Sikubebwa na mtu.

"Kilima chenyewe kiko wapi, Bibi? Twende nikakione."

Nikampeleka nyuma ya nyumba. Kilima sasa ni shimo lina maji, mbuzi wanakunywa. Kitabu kinasema vile vijidudu vilijenga kwa mamilioni ya miaka. Mimi nimekimaliza kilima kwa kuni, katika umri wangu huu mmoja. Nikasimama pale nikingoja nisikie kitu moyoni. Sikusikia. Mawe meusi yako ng'ambo ya mto, yote, hakuna aliyeyagusa.

Nikamwambia turudi, akasome ukurasa unaofuata.