Waliokwenda Amerika Kumtafuta Laith

Wadha, mwalimu mstaafu wa mji wa Ibra, hakuwahi kuitamani Amerika. Alikwenda na mumewe Marzouq kumtafuta mtoto wao Laith, ambaye miaka mitatu hakupiga simu. Walikodi gari New York, wakapita Chicago na Denver, wakibisha hodi kila nyumba aliyowahi kukaa na kuambiwa kahama. Los Angeles, Laith mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango.

"Shikamoo, mama," alisema, asiwakaribishe ndani. "Mimi mzima. Rudini nyumbani, wallahi, msinitafute tena."

Marzouq alishindwa kuendesha gari, wakarudi hotelini kwa teksi. Siku hizi majirani wakimuuliza Wadha habari za safari, huwaambia Amerika ni kubwa mno, akawamiminia kahawa.