Walisema Nimechomwa Pembe

Shikamooni wakubwa, na ninyi vijana hamjambo? Daktari aliyeniita hapa Ikungi ameniambia kwamba ninyi ni matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, na mmekuja kujifunza namna ya kumpokea mtu aliyepigwa risasi au kulipukiwa na baruti. Naomba niongee nikiwa nimekaa. Nikisimama sana, kigutu kinauma.

Mimi ni mkulima wa Unyambwa. Nalima uwele, alizeti na viazi vitamu. Zamani nilifanya pia biashara ya kuku wa kienyeji. Nilikuwa nawafuata kijiji kwa kijiji kwa miguu, nawapeleka mnadani. Sikuwa mtu wa kukaa kitako.

Msimu ule nguruwe pori walikuwa wanatumalizia viazi. Shemeji yangu Elia, mdogo wake mume wangu, akawa analinda shamba na gobore la marehemu babu yao. Kibali hana. Gobore unalijua: unashindilia baruti, unashindilia kitambaa, unajaza misumari na vipande vya nondo. Alfajiri moja nilikwenda kuchimba viazi, yeye hana habari. Akaona majani yanatikisika. Nilisikia mlio, halafu nikajikuta chini, ndala imejaa damu, shavu la mguu limechanika kama gunia. Elia alikuja mbio, analia.

Mnafikiri nilipelekwa hospitali? Kwanza walikaa kikao. Mimi nimelala kwenye jamvi, nimefungwa kanga, damu inapita, wao wanajadiliana. Tukisema risasi, wataomba PF3, ile fomu ya polisi. Tukienda polisi, Elia anafungwa. Mama mkwe akasema, "Mwanangu hawezi kuozea jela kwa bahati mbaya." Mume wangu ndiye aliyemaliza maneno: "Tuseme kachomwa pembe na ng'ombe." Mwenye mguu hakuulizwa.

Kwenye kituo cha afya, tabibu aliuliza, "Amepatwa na nini?" Wakajibu wote kwa pamoja, "Ng'ombe!" Akanitazama. Nikatazama ukuta. Maumivu yalinifunga mdomo, na woga pia. Akanichoma sindano ya pepopunda, akaosha juu juu, akashona. Alishona vizuri, ndugu wakamsifu.

Baada ya siku chache mguu ulivimba, ngozi ikang'aa, ikawa ya zambarau, kisha nyeusi. Maji ya kahawia yakawa yanatoka katikati ya nyuzi. Ukibonyeza, unasikia kitu kinatatarika chini ya ngozi. Nilinuka, jamani. Wanangu waliishia mlangoni. Homa ilipofika mahali pa kuweweseka, ndipo wakatafuta gari la kunipeleka hospitali kubwa mjini.

Daktari wa upasuaji alikata zile nyuzi. Akavuta kipande cha kitambaa kilichooza, akakiinua juu. Akamgeukia mume wangu. "Mzee, ng'ombe wenu anavaa nguo?"

Mume wangu akakohoa. Daktari akawatoa wote nje, akavuta stuli. "Mama, sasa niambie wewe."

Nikasema, "Gobore."

Akauinamia mguu. "Jeraha la namna hii halishonwi siku ile ile, mama. Tungekata nyama iliyokufa, tungetoa uchafu, tungeliacha wazi, tulisafishe tena na tena, ndipo tushone. Mguu huu ungeweza kupona. Sasa naokoa uhai wako."

Walikata chini ya goti. Nililia mpaka nikamtukana muuguzi asiye na kosa.

Yule daktari alikuwa akija wodini kunitazama akiwa na hasira zake. Siku moja alisema, "Kwa kuwa nchi ina amani, kila mtu anadhani majeraha haya ni ya nchi za wenzetu. Magobore yapo. Baruti za machimboni zipo." Basi akapanga watu wake: wa kupasua, wa dawa ya usingizi, wa damu. Akaanza kugawa namba yake ya simu kwenye vituo vyote. Ndiyo maana mko hapa. Mungu ampe maisha marefu, na wale walionitolea damu bila kunijua.

Elia? Gobore lilichukuliwa, akapewa kifungo cha nje. Alirudi nyumbani na miguu yake yote miwili.

Nawaombeni kitu. Mkiona kidonda chenye tundu na uchafu ndani, msikishone. Safisheni, fungeni bandeji, pigeni simu, mgonjwa aondoke. PF3 itafuata. Na kabla ya hayo yote, watoeni ndugu nje. Muulizeni aliyelala, siyo waliosimama.

Mume wangu yuko hapo nje kwenye pikipiki, ananisubiri. Nilimwambia aingie, amekataa. Asubuhi aliniomba, "Mama Daudi, ukifika waambie kwa upole." Nimewaambia kwa upole.