Kibao Alichotengeneza Msasa

Mama Giza hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja, kwa sababu nusu ya maisha yake aliyamaliza ndani ya chumba cha kusafishia picha, na nusu nyingine chini ya kitambaa cheusi, nyuma ya kamera ya mbao aliyoachiwa na baba yake. Kazi ya picha aliijua barabara. Kumwamini mtu ndiko kulikomshinda. Alipokuwa msichana alitumwa kupeleka saa ya baba kwa fundi, ikarudi na matumbo ya saa nyingine, na tangu hapo kila fundi kwake alikuwa mwizi ambaye bado hajakamatwa.

Sasa kibao cha kamera kilikuwa kimepasuka. Ni kipande cha mbao cha mraba, upana wa kiganja, chenye tundu katikati. Lenzi hukazwa kwenye tundu hilo kwa pete ya shaba, kisha kibao kizima hupachikwa mbele ya kamera. Ufa ulipitisha mwanga, na mwanga ukiingia bila ruhusa picha imekwisha. Alizunguka wiki nzima kwa wauza vifaa vya zamani. Mmoja alimwonyesha kibao cha bati kipana kupita kiasi, mwingine akamuuliza kwa nini asinunue simu. Na mama yake alikuwa ameshatoa amri: Jumapili watoto wote, wakwe na wajukuu wakusanyike wapigwe picha kwa kamera ya marehemu, kabla macho yake hayajamwacha kabisa. Alitaka aione picha hiyo yeye mwenyewe, asisimuliwe.

Ikabidi Mama Giza aende kwa shemeji yake seremala, mume wa mdogo wake. Huyu walimwita Msasa, kwani hakuna kilichotoka mikononi mwake kikiwa na mkwaruzo. Hata uvungu wa kigoda aliupiga msasa na vanishi, utadhani kuna mtu atakayekaa huko chini.

"Niachie na hicho kilichopasuka, shemeji, nikifuatishe," Msasa alisema.

"Kimepotea," Mama Giza alijibu bila kupepesa. "Vipimo hivi hapa."

Kibao kilikuwa nyumbani, kabatini, kimefungiwa kwa ufunguo. Lenzi hakuwa na budi kuiacha, maana tundu hukatwa kwa kufuata shingo ya lenzi yenyewe. Lakini lenzi bila kibao chake, aliwaza, haipati mnunuzi upesi. Na kabla ya kuitoa mkobani alikuwa ameshaikwaruza shingoni kwa sindano, alama ndogo, mahali ambapo pete huificha.

Kesho yake alipita karakana kwa kisingizio cha kumsalimia mdogo wake. Msasa alipomwona tu, alitupia gunia juu ya kitu kilichokuwa mezani. Pembeni alikaa mwanamume mmoja anayenunua vitu vya kale, anakunywa chai kana kwamba yuko kwake. Mama Giza alisalimia, akasalimiwa, akaondoka. Kwake kesi ilikuwa imekwisha, imebaki hukumu.

Siku ya tatu kibao kilikuwa tayari, lenzi imekazwa juu yake. Kiliingia kwenye kamera kikatulia, hakichezi hata kidogo. Lakini lenzi ilikuwa inang'aa. Ile aliyoiacha ilikuwa shaba iliyofifia, rangi ya chai iliyolala. Akamkalisha mama yake dirishani, akapiga picha moja ya kujaribu, akaisafisha. Pichani mama alitoka kama aliyekaa ndani ya moshi, gauni lake jeusi limekuwa kijivu.

Mama Giza hakusubiri picha ikauke.

"Lenzi ya baba iko wapi?" aliuliza mlangoni mwa karakana, mbele ya mdogo wake na wateja wawili.

Msasa aliweka randa chini. "Si unayo, shemeji? Nimeisugua shaba tu, ilikuwa imefubaa."

"Hiyo ni nyingine. Ile umempa rafiki yako wa vitu vya kale. Na siku ile, gunia lilikuwa linafunika nini?"

Msasa alilivuta gunia kutoka chini ya meza, akalimimina. Vilianguka vibao vinne vilivyoharibika, matundu yamepinda au yamezidi kwa unene wa karatasi. "Niliona aibu uvione," alisema. "Na yule alileta kiti kilichovunjika mguu."

Mdogo wake alimtazama Mama Giza, kisha akaingia ndani.

Hata mwizi anajua kuandaa ushahidi, Mama Giza alijiambia njiani. Nyumbani akafungua pete, akaigeuzageuza lenzi kwenye mwanga. Alama ya sindano ilikuwa palepale. Akaketi. Kisha akakigeuza kile kibao, na upande wa ndani, kwenye vanishi iliyosuguliwa mpaka ikasema basi, akaona dirisha lake na uso wake mwenyewe. Alikwenda kabatini akatoa kibao cha baba. Ndani kilikuwa cheusi tititi, kama tako la sufuria ya kuni, kwa sababu ndani ya kamera hakutakiwi kitu cha kung'aa, mwanga usije ukaruka huku na huko na kuififisha picha. Seremala angejuaje? Angekiona hiki angejua, lakini yeye ndiye aliyemnyima. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alirudi na vibao viwili na lenzi. Msasa alikigeuza kile cha zamani, akapitisha kidole kwenye weusi.

"Kumbe hakikupotea."

"Nilikificha. Nisamehe, shemeji."

Msasa hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alikwangua vanishi ya ndani, akachanganya masizi na gundi, akapaka taratibu. Mama Giza aliisogeza lenzi mpaka katikati ya meza.

"Basi nikuachie na hii, uijaribu kibao kikikauka."

Msasa aliichukua, akaifunga kwa kitambaa safi, akamrudishia mkononi. "Rangi haihitaji lenzi. Nenda nayo."

"Jumapili utakuja?"

"Mama ameniita. Nitakuja."

Alikuja kweli, shati limenyooshwa pasi, akasimama alipoambiwa. Picha ilitoka safi, hata kifungo kilicholegea cha gauni la mama kinaonekana. Mama aliisogeza karibu na jicho lake lililobaki na nguvu, akawahesabu kwa kidole. Wote kumi na mmoja walikuwemo.

"Mbona wote wanaitazama kamera," aliuliza, "isipokuwa mkwe wangu huyu ndiye ameangalia pembeni?"

Mama Giza aliipokea picha mkononi mwake.

"Kosa ni la mpiga picha, mama," alisema.