Mama mkwe, mkono wake uliovunjika na ile game yangu ya drift

Wakuu, habari za Jumapili. Wagogo wa humu ndani, mbukwenyi.

Nimekaa na hiki kisa wiki tatu nikisita kukileta, maana kuna sehemu kinanidhalilisha. Ila wife kasema nisipokiandika mimi atakiandika yeye, na yeye ataongeza chumvi. Kwa hiyo hii hapa sio chai, na pale ninapoonekana bwege nimeacha hivyo hivyo.

Kwa kifupi mimi ni mtu wa Moro, nimehamia Dodoma kikazi. Naishi Ihumwa, ofisi ipo Mtumba, nipo masjala kwenye wizara mojawapo. Kama hujui masjala ni nini, ni kule faili lako linakopotelea halafu unatulaani kimoyomoyo.

Nina miaka 38, mke mmoja, na binti mmoja anaitwa Doreen, yupo darasa la pili.

Na nina game.

Ni zile za kushika mkononi, skrini katikati, vibonyezo kushoto na kulia. Humo nina mchezo mmoja tu ninaoujali, mbio za magari za kudrift. Sio zile za kujifanya uhalisia. Hii ni ya kijinga kabisa, gari linaingia kona kwa ubavu, matairi yanafuka moshi wa pink, ukigonga ukuta unaendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Nyumbani sina gari wala leseni, ila humo ndani mimi ni mtu mzito.

Kuna track moja ya mlimani ina kona za kufa mtu, naiita Nyang'oro. Kama umewahi kwenda Iringa kwa njia ya Mtera unajua nasema nini.

Sasa shikeni hapa, ni muhimu. Game inahifadhi muda wa kila mbio na tarehe yake, pamoja na muda wako bora. Mtu mwingine akicheza track hiyo hiyo, inamletea gari lako kama kivuli, anakimbia nalo, na juu yake limeandikwa jina lako. Langu limeandikwa BABA D. Muda wangu Nyang'oro ulikuwa dakika 2 na sekunde 41, na nilikuwa najivunia kuliko cheti changu cha chuo.

Picha linaanza.

Mwezi wa tisa mama mkwe aliteleza kwao Chamwino akiwa anatoka bombani na ndoo. Akavunjika kiwiko cha mkono, pale panapokutana na kiganja, mkono wa kulia. Akafungwa plasta ya POP, na ilipotolewa ikabidi aje kukaa kwetu ili awe karibu na hospitali ya mazoezi.

Mkono ulikuwa umekakamaa. Vidole havifungi. Dada wa mazoezi ya viungo akatuambia wazi, vidole visipofunga ndani ya wiki sita, daktari ataangalia suala la kumpasua.

Kwa mtu mwingine hiyo ni habari mbaya ya kawaida. Kwa huyu mama ilikuwa zaidi ya hapo. Ana shamba la uwele na karanga ambalo amelilima mwenyewe tangu baba mkwe afariki, msimu kwa msimu, hakuwahi kumwachia mtu. Na mvua ya huku mnaijua, inakuja mara moja kwa mwaka. Akilala wodini Desemba, msimu umeondoka.

Kila siku swali lake kwa wife lilikuwa moja tu.

"Mawingu ya kwetu mmeyaona?"

Ila mazoezi hataki! Alipewa mpira wa kuminya, kesho yake tukamkuta mbwa wa jirani anao. Alisema yeye hajazaa watoto watano ili aje kuminyaminya mpira uzeeni.

Sasa kuna jambo wasiotoka huku inabidi niwaeleze. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hata kwetu Moro ipo, ila familia ya wife wanaishika kwelikweli. Hatuli pamoja. Hatupeani kitu mkono kwa mkono. Nikifika mlangoni nakohoa, yeye anaingia chumbani kwake. Salamu napeleka kwa wife, majibu yanarudi kwa wife. Nina miaka tisa ya ndoa na huyu mama hajawahi kunitamkia neno moja kwa moja. Na sio kwamba ananichukia, wakuu. Ndivyo anavyoniheshimu. Nikisafiri ni yeye anayeuliza kama nimefika kabla hata mama yangu hajauliza.

Basi siku moja wakati nipo kazini, Doreen alikuwa anacheza game. Bibi yake akauliza hicho kitu kina nini. Mtoto akamwekea mikononi.

Kumbuka hiyo game mafuta unakanyaga kwa kidole cha kulia, kibonyezo cha juu, na lazima ukishikilie. Kona ikifika unaachia, unagusa breki kushoto, unakata, unakanyaga tena. Kwa mtu mwenye vidole vilivyokakamaa ni mazoezi tosha, ila hayana sura ya mazoezi.

Nilirudi jioni wife ananicheka tu. "Mama kaendesha gari leo. Kalipeleka baharini."

Kuanzia hapo ukawa utaratibu wa nyumba. Asubuhi kabla sijatoka nailaza game kwenye stuli ya sebuleni ikiwa imejaa chaji. Nikishafunga geti, mama anakuja kuichukua. Jioni nikikohoa mlangoni, naikuta juu ya stuli, imefunikwa na kitambaa cha mezani kama sahani ya chakula changu.

Hatujawahi kuzungumzia. Ila mimi nilikuwa nikiifungua naenda moja kwa moja kwenye muda wake wa Nyang'oro.

Siku za mwanzo dakika sita. Halafu nne. Wiki ya pili tatu na nusu. Aisee, nilikuwa ofisini nawaza muda wa mama mkwe! Nilikuwa nafurahi peke yangu kwenye mafaili, maana kila sekunde inayopungua maana yake kidole kinafunga.

Akafika 2:44.

Halafu akaganda hapo. Siku ya kwanza 2:44. Ya pili 2:43. Ya tatu 2:44. Siku sita mfululizo, hashuki chini ya hapo.

Jumamosi asubuhi wenyewe wameenda sokoni, nikafungua replay. Game inakuonyesha mbio zote ulivyoendesha. Nikaangalia.

Mama anaanza taratibu. Anaacha BABA D atangulie. Halafu anakolea, kona ya kwanza safi, ya pili safi mno, anamsogelea BABA D. Wanaingia kona ya tatu wameshikana. Na hapo hapo gari lake linatoka barabarani, linaingia kwenye majani, linasimama.

Linasimama kabisa. BABA D anapotelea huko mbele. Ndipo analirudisha barabarani anaendelea.

Nikaangalia replay ya juzi yake. Hivyo hivyo. Anakaribia, anatoka, anasimama.

Nikajiambia vidole vinamkwama. Anaweza kushikilia kwa muda fulani, halafu vinagoma, anaachia. Ndiyo maana hashuki chini ya 2:43. Mkono umefika mwisho wake.

Na mimi kwa kiherehere changu sikumuuliza mtu. Ningemuulizaje, wakati hatuongei? Nikamwambia wife. Nikamwonyesha na replay, kama daktari anayeonyesha picha ya X-ray. Wife akalia.

Akampigia kaka yake Chamwino. Kaka mtu ni mtu wa vitendo. Kufika jioni ya Jumapili alishaongea na jirani mmoja alime lile shamba msimu huu, na huyo jirani alishaanza kufyeka.

Mama akaambiwa Jumatatu. Sikuwepo, nilikuwa Mtumba. Nilichokuta jioni ni game juu ya stuli bila kitambaa, haijaguswa. Chaji asilimia mia. Mama kafunga mlango, hajala mchana, kanga na vitenge vyake vimefungwa kwenye mfuko wa salfeti tayari kwa safari.

Wakuu, niliumia. Nilikaa nje ukutani upande wa jikoni, nikasikia wife kaingia kumbembeleza. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi, na nakiri nilisikiliza.

Wife: "Mama, sisi tunaogopa tu. Vidole vikikukwama na jembe lipo mkononi utafanyaje?"

Mama: "Nani kasema vidole vinanikwama?"

"Baba Doreen kaona kwenye game. Unafika kona ya tatu unaachia, gari linasimama kwenye majani."



Halafu nikamsikia mama mkwe anacheka. Miaka tisa sijawahi kusikia kicheko chake. Alicheka mpaka akaanza kukohoa.

"Sasa wewe ulitaka nifanyeje? Doreen kaniambia lile ni gari la baba yake. Nimpite mkwe wangu barabarani? Nimtimulie vumbi usoni? Nampisha! Akishapita ndiyo naendelea na safari yangu."



Ndipo nikakumbuka mwaka tulipooana, nilikwenda Chamwino kwa miguu kutoka stendi, nikamwona huyu huyu mama anakuja na kuni kichwani. Aliponitambua akatoka njiani, akasimama kwenye majani kanipa mgongo mpaka nilipopita. Mimi nilipita. Sikuwaza hata ule mzigo uliokuwa kichwani.

Na sasa amebeba adabu ile ile mpaka ndani ya game ya moshi wa pink!

Nikarudi ndani nikachukua game nikapiga hesabu. Pale kwenye majani alikuwa anasimama sekunde saba. Saba, wakuu. Na bado anamaliza mbio nyuma yangu kwa sekunde mbili au tatu. Yaani huyu mama alikuwa ananipita kwa mbali kila siku ya Mungu, na alikuwa ananificha asinivunjie heshima.

Nilifanya jambo moja. Niliingia kwenye settings, nikafuta BABA D, nikaandika DOREEN. Muda ni ule ule, gari ni lile lile. Ila bibi na mjukuu ni watani, humo ndani anaruhusiwa kumfanyia chochote. Nikamwambia wife amweleze kwamba gari limeshahamishiwa kwa mtoto, na mimi natoka kwenda kukata nywele, sitarudi mapema.

Niliporudi niliwasikia toka getini. Doreen anapiga kelele, "Bibi unaniibia!" na bibi anamjibu, "Toka njiani wewe, bibi yako ana haraka ya kwenda shamba!"

Dakika 2 na sekunde 33.

Sijawahi kuufikia huo muda mpaka leo hii ninapoandika.

Wife alirekodi kwa simu, sio skrini, aliurekodi mkono. Kidole kinakanyaga, kinaachia, kinakanyaga, kama hakijawahi kuumia. Akamtumia kaka yake. Kaka mtu alitazama, akampigia yule jirani, akamwomba radhi kwa kazi ya kufyeka, na jirani akaelewa kwa moyo mmoja. Alisema na yeye alishangaa kusikia mama yule kaachia shamba.

Hospitali walimpa kifaa cha kupima nguvu ya kiganja. Wife anasema mama alikiminya akamrudishia dada wa mazoezi bila hata kuangalia kimesoma ngapi. Suala la kupasuliwa likafa hapo.

Siku ya kuondoka alikuja kuchukuliwa na kaka mtu. Mimi kama kawaida nilijiweka mbali, nyuma ya nyumba, nimechuchumaa nasubiri waondoke ndipo nitokee. Nikasikia hatua zimekuja mpaka pembeni ya ukuta zikasimama. Sikumwona na yeye hakuniona, ukuta upo katikati.

Akasema, "Baba Doreen."

Nilishtuka nikaitika, "Naam mama."

"Ile kona ya tatu unawahi mno breki. Subiri kidogo."

Akaondoka.

Wakuu, miaka tisa. Maneno ya kwanza kabisa ya mama mkwe kwangu, na ananikosoa udereva. Nilikaa pale chini nikacheka, halafu machozi yakanitoka, sijui hata kwa nini niwafiche. Nampenda yule mama. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo hata kichwani mwangu.

Somo nililopata ni kwamba nilikuwa na ushahidi wote mkononi. Muda, replay, tarehe, kila kitu, mtu wa masjala tena! Nikaona mtu kasimama pembeni, nikaamua mwenyewe kwamba ni udhaifu, na nikakimbilia kumsaidia kwa kumnyang'anya kitu anachoishi kwa ajili yake. Kilichotakiwa ni swali moja tu kupitia kwa wife, na lingechukua dakika mbili.

Juzi wife kaongea naye. Mvua imeshanyesha Chamwino, uwele umeshaingia ardhini, na kasema mkono unauma jioni kidogo tu, kama wa watu wengine wanaolima.

Haya, uwanja ni wenu. Ninyi mnaoishi na wakwe chini ya paa moja, ni heshima gani mmefanyiwa mkaja kuielewa mmechelewa? Na kama kuna mtu anajua namna ya kuingia kona ya tatu bila kuwahi breki, anifundishe, maana mwalimu wangu yupo shamba.