Aliyemufundisha Bahati Kuita Mboloko

Mimi sinywi kasiksi, ile pombe ya ndizi, siku ile sikuwa na homa, na tumbo langu lilikuwa limeshiba. Nasema hivi mbele kwa sababu najua vile watu wanapenda kusema: alikuwa amelewa, ao alikuwa anaota. Hapana. Jua lilikuwa bado linapita kati ya miti, nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu mbili, na Bahati ambaye tulikuwa naye pale iko hai. Ukimukuta, muulize. Atakuambia vilevile.

Sisi ni watu wa Kashebere, na kazi ninayopenda kuliko zote ni kuingiza watu wapya porini. Kuwinda kwenyewe nimezoea. Ngulube, ile nguruwe ya pori, nikiikamata, hata sishituki tena. Lakini umuchukue muntu ambaye hajawahi kushika mukuki, anakanyaga kila tawi kavu, anaruka akisikia panya, halafu siku moja umuone amesimama kimya, kichwa kimeinama upande, na ujue: huyu amesikia. Niamini, hakuna utamu kama huo. Nimeingiza walimu, wenye kuendesha pikipiki, hata pasta wetu, ambaye aliomba sana lakini nyavu zake zilirudi tupu.

Kati ya wote, niliyemupenda zaidi ni Bahati. Alitoka Nyamitaba, kwa watu wa ng'ombe. Vita vilimaliza ng'ombe wao, akafika huku na bibi yake, yule aliyemuoa kule, wakapata nyumba karibu na yetu. Pori hakulijua hata kidogo. Alikuwa anaita mbwa zangu kwa mluzi wa kuitia ng'ombe, na mbwa wanamuangalia tu, na mimi nacheka mpaka machozi. Siku ngulube yake ya kwanza iliingia mu nyavu, alinikumbatia.

"Kaka," alisema, "leo bibi yangu atapika nyama ya mukono yangu!"

Nilifurahi kama vile ni mimi nimemuzaa.

Sasa sikia habari ya papa yangu, baba mwenye kunizaa, maana bila yeye hautaelewa. Papa alikufa zamani, mimi nikiwa tayari na watoto. Alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna muwindaji mwengine alikuwa nacho huku: alijua kuita mboloko, yule paa mudogo wa pori. Alikuwa anabana pua kwa vidole, anatoa sauti nyembamba ya mutoto wa mboloko mwenye kukamatwa, na wakubwa wanatoka wenyewe majanini, kwa miguu yao, mpaka mbele ya mukuki. Nilimuomba anifundishe nikiwa mutoto. Nilimuomba nikiwa kijana. Nilimuomba nikiwa na bibi ndani ya nyumba. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Weye, bado." Hata alikuwa ananigeuzia mugongo ili nisione vidole anaviweka namna gani. Akaenda na kitu chake kaburini. Mimi nilijaribu peke yangu mpaka pua ikatoa damu, na hakuna hata panya aliyekuja.

Basi, wakati wa mvua, tulikuwa tumekaa na Bahati ng'ambo ya muto, tunangojea mbwa. Bila kuniambia kitu, Bahati akabana pua, akaita.

Ilikuwa sauti ya papa yangu, ileile, na mwisho wake unaovunjika kidogo. Majani yakafunguka, mboloko akatoka, akasimama mbele yetu anatuangalia. Sikuweza hata kuinua mukuki.

"Nani alikufundisha ile?" nikauliza.

"Si ule papa ya kofia ya ngozi? Anakuyaka hapa kila mara weye unafwata mbwa. Nilizani ni mujomba yako." Bahati alikuwa anacheka kwa furaha. "Anakoholaka mara mbili mbele ya kusema. Na mukono ya kushoto, kidole ya mwisho haiko."

Vyote vilikuwa vya papa, na kidole hicho mutego ulikikata mbele mimi nizaliwe.

Unafikiri niliogopa? Ningeogopa ingekuwa afazali. Nilisikia wivu. Mimi mutoto wake, niliyemubeba mugongoni akiwa mugonjwa, niliyechimba kaburi lake, nilikosa nini? Na huyu wa juzi, muntu wa maziwa, alifanya nini?

Tukarudi nyumbani. Mama yangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Bahati akamuelezea yote: kofia, kikohozi, kidole. Nilingojea mama apige kelele, ao aanze kuomba. Aliacha tu muchi ndani ya kinu, akauliza polepole:

"Aliuliza habari yangu?"

"Hapana, Mama."

"Hata jina yangu hakutaja?"

"Hapana."

Mama akashika muchi, akaendelea kutwanga, kwa nguvu, mpaka majani yakaanza kuruka nje ya kinu. Nikajua kwamba sasa tuko wawili wenye wivu.

Safari iliyofuata, palepale ng'ambo ya muto, nilimudanganya Bahati. Nilisema nafwata mbwa, kama kawaida. Nikawaacha mbwa waende, nikazunguka, nikajificha nyuma ya muti ulioanguka. Kengele za muti shingoni mwa mbwa zikasikika mbali, halafu zikanyamaza. Nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Papa alikuwa amekaa juu ya muzizi mukubwa. Ni yeye, kabisa, na kofia yake, na namna yake ya kusugua muguu moja juu ya mwengine. Bahati alikaa chini, katikati ya magoti ya papa, na papa alikuwa anamupanga vidole juu ya pua, kimoja kimoja, bila haraka. Bahati alikosea, na papa akacheka. Papa yangu, akacheka! Mimi alikuwa ananipiga kofi nikikosea kufunga kamba.

Nikatoka. "Papa," nikasema.

Aliinua macho, akaniangalia vile unaangalia muntu anayepita njiani na mizigo yake. Halafu akamuuliza Bahati:

"Huyu njo nani? Ni mugeni yako?"

"Ni mimi, Papa! Ni mimi mutoto yako!"

"Mutoto yangu njo huyu," akasema, na akaweka mukono juu ya kichwa cha Bahati.

Sijui niseme namna gani kile kilichofuata. Mukuki ulikuwa tayari juu ya bega langu, na ncha yake ilikuwa inaangalia kifua cha Bahati. Bahati wangu, niliyemufundisha kutembea porini! Hakukimbia. Alisema tu "Kaka, kaka," kwa sauti ndogo. Na papa? Papa hakumukinga. Alikuwa anatabasamu, ameinama mbele kidogo, anangojea. Na hapo njo nilitambua yale macho. Nilikuwa nimeyaona mara nyingi: ni macho yake ya wakati mboloko anatoka majanini. Hakuwa anamuangalia Bahati. Alikuwa ananiangalia mimi, vile nilikuwa nimetoka mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka pale alipotaka.

Nikatupa mukuki ndani ya muto. Nikafunga macho, nikaita jina la Yesu. Wakati nilifungua macho, kwenye muzizi hapakuwa na muntu, na Bahati alikuwa anatapika.

Mbwa hawakurudi. Mupaka leo sijaona hata kengele moja.

Bahati alirudi kwao, upande wa Masisi, na bibi yake. Anachunga ng'ombe za wengine, anauza maziwa. Tunasalimiana kwa simu, lakini sauti yake imebaki ya puani, kama ya muntu aliyebana pua, na daktari hakupata kitu. Wazee walitaka tupeleke kuku wa sadaka ng'ambo ya muto, pasta akakataa, wakabishana. Mimi naingiza bado watu wapya, siwezi kuacha. Lakini mwenye kujifunza haraka, ananitia baridi. Na mama, saa ya jua kushuka, anavaa kitambaa chake cha kanisani, anaenda kukaa pembeni ya pori. Namurudisha, anakubali, kesho anaenda tena. Nimemuambia ile haikuwa papa. Ananijibu: "Basi anikatalie mwenyewe."

Kwa hiyo weye unayenisikiliza, kama kuna muntu ulimuzika, na siku moja wakuambie anatokea kwa mwengine, anamuchekea, anamupa kile alikunyima, usiende. Usiende kumuuliza kwa nini si weye. Kaa kwako, funga mulango. Wivu utakuuma, acha ukuume. Ule hauui.